Farasi Ndiye Anayeruka

Kuruka viunzi kwa farasi ni kazi ya wawili, ila mgawanyo wake si wa nusu kwa nusu. Farasi, mnyama wa kilo 500 hivi, ndiye anayepima umbali, anayejisukuma kutoka ardhini, anayekunja miguu ili isiguse mti na anayepokea kishindo cha kutua. Mpandaji huchagua njia na mwendo. Baada ya hapo kazi yake kubwa ni kutomharibia mwenziwe. Mwanafunzi mgeni huja akidhani atafundishwa mbinu ya kumnyanyua farasi, na hushangaa anapomaliza wiki kadhaa akifundishwa kukaa tu. Utaratibu huo, hata ukichosha, ni sahihi. Anayejua kukaa hujifunza kuruka kwa muda mfupi, na kwa asiyejua kukaa hata kiunzi cha kufika magotini ni kirefu.

Mambo hayo yanaonekana dhahiri leo, lakini mpaka mwishoni mwa karne ya 19 wapanda farasi wa majeshi ya Ulaya walifundishwa kinyume chake. Farasi anaporuka, mpandaji alitakiwa ajilaze nyuma, miguu ikitangulia mbele na hatamu zikikazwa, kwa imani kwamba uzito ukirudi nyuma, miguu ya mbele ya farasi haitalemewa wakati wa kutua. Matokeo yake farasi alivutwa mdomo na lijamu akiwa hewani, akakandamizwa mgongo wakati uleule alipohitaji kuukunja, naye akajifunza kwamba kila kiunzi kina maumivu nyuma yake. Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la Italia aliyezaliwa Livorno mwaka 1868, aliwatazama farasi wakiruka bila mtu mgongoni. Aliona kwamba hunyoosha shingo mbele na chini, hupinda mgongo mfano wa upinde, na hutua kwa miguu ya mbele bila kudhurika. Basi akambadili mpandaji, si farasi: rikabu zikafupishwa, kiwiliwili kikainama mbele kidogo, makalio yakainuka juu ya tandiko, na mikono ikaachwa iufuate mdomo wa farasi popote uendako. Mwaka 1902 mjini Turin, juu ya farasi aliyeitwa Meloppo, Caprilli aliruka mita 2.08. Mkao wake ukafundishwa katika shule za jeshi za Pinerolo na Tor di Quinto, maofisa wa nchi nyingine wakaja kuusoma, na hadi sasa ndio msingi wa somo lolote la kuruka. Mwenyewe hakuishi kuona ulivyoenea. Alifariki mwaka 1907 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi, na wala hakuwa akiruka kiunzi.

Mruko mmoja una sehemu tano: kukaribia, kujisukuma, kupaa, kutua na kuondoka. Watazamaji huangalia ile ya tatu na wapiga picha hali kadhalika, lakini walimu wazuri huangalia ya kwanza, kwa kuwa makosa mengi yanayoonekana hewani yalikwisha kutendeka hatua sita au saba nyuma. Farasi anayekuja kwa mwendo sawa, akielekea katikati ya kiunzi kwa mstari ulionyooka, huwa amekwisha kurahisishiwa kazi. Anayekuja akiharakishwa, au akiyumba kushoto na kulia, hulazimika kurekebisha kila kitu katika hatua ya mwisho, na huko ndiko kunakozaliwa miruko ya ghafla inayomrusha mpandaji shingoni. Wakati wa kujisukuma, miguu ya mbele huinua kifua na ile ya nyuma hutoa nguvu. Kwa kiunzi cha mita moja, farasi hujisukuma akiwa kiasi cha mita 1.8 kabla ya mti na hutua umbali kama huo upande wa pili. Mguu mmoja wa mbele hufika chini kwanza, wa pili hufuata, na kwa kitambo kifupi sana mwili mzima hubebwa na kano nyembamba zilizo nyuma ya mguu. Anayelijua hilo haombi kuruka mara hamsini kwa siku.

Jicho la farasi nalo linahitaji kueleweka. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa mahali finyu mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia. Kwa sababu hiyo kiunzi humpotea machoni katika nafasi ya mwisho kabla ya kuruka. Anaruka kwa kumbukumbu ya alichokiona muda mfupi uliopita. Humhitaji basi mpandaji anayemwachia kichwa mapema, ili akiinue na kukishusha apendavyo. Rangi pia hazioni kama binadamu: bluu na njano huzitofautisha, lakini nyekundu na kijani humchanganyikia. Nchini Uingereza, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, mbao za rangi ya chungwa kwenye viunzi vya mbio za farasi zilianza kubadilishwa kuwa nyeupe, kwa kuwa rangi ya chungwa inayomwakia mtu machoni, kwa farasi inakaribia kufanana na majani. Vilevile farasi hupima umbali kwa kuangalia chini ya kiunzi. Ndiyo maana mti huwekwa ardhini mbele kidogo ya kiunzi, upande anakotokea. Mti huo ukisahauliwa upande wa pili, farasi hupima vibaya na kujisukuma akiwa amekaribia mno. Kwa sababu hiyohiyo, kiunzi kilichopangwa kurukwa kutoka upande mmoja hakirukwi kinyumenyume.

Kabla ya kiunzi cha kwanza, mwanafunzi anapaswa kuimudu miendo mitatu: kutembea, telki, ambayo miguu hugusa chini kwa jozi za mshazari, na shoti ndogo, yenye mapigo matatu. Kuimudu maana yake ni kuweza kusimamisha, kugeuza na kuongeza mwendo bila kujishikiza kwenye hatamu. Kipimo cha zamani, na bado hakijapatiwa mbadala, ni kumzungusha farasi kwa kamba ndefu inayoshikwa na mwalimu, huku mwanafunzi akiwa juu bila hatamu wala rikabu, mikono imenyooshwa kama mabawa. Akiweza kubaki katikati ya tandiko kwa telki na kwa shoti, mikono yake imekuwa huru. Mikono isiyo huru ndiyo hatari kubwa ya somo hili, kwa sababu mtu anayepoteza mizani hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni hatamu, ambazo mwisho wake uko kwenye kinywa cha mnyama.

Baada ya hapo rikabu hufupishwa matundu mawili au matatu. Magoti na vifundo vya miguu hupata mkunjo zaidi na kufanya kazi ya springi. Visigino hushuka, uzito huingia kwenye rikabu, makalio huinuka kidogo, mgongo hubaki bapa na macho hutazama mbele. Mkao huu mwepesi hufanyiwa mazoezi kwa dakika nyingi katika miendo yote kabla ya mti wowote kuonekana uwanjani, na mapaja huuma kwelikweli. Kosa la kawaida ni kubana magoti. Goti likibana huwa bawaba: mguu wa chini hurudi nyuma, kiwiliwili huanguka mbele, na mpandaji huelea juu ya shingo bila egemeo. Kosa la pili ni kuruka kabla ya farasi, yaani mtu kujitupa mbele akidhani anasaidia. Mpandaji haruki. Hungoja, na kifua cha farasi kinapoinuka kumfuata, viungo vyake vya nyonga hujikunja vyenyewe.

Kwa miezi ya mwanzo mikono huwekewa mahali pa kushika: singa za shingoni, kama theluthi moja ya urefu wa shingo kutoka kwenye tandiko, au mshipi wa ngozi uliofungwa shingoni kwa ajili hiyo. Wapo wanaoona aibu kushika singa. Aibu hiyo haina msingi, kwa kuwa singa hazimuumi farasi na lijamu humuuma.

Farasi wa kujifunzia ni nusu ya mwalimu. Anayefaa ni aliyekomaa, mtulivu, aliyeruka viunzi vidogo maelfu ya mara na ambaye hata akielekezwa vibaya atavuka au atasimama kwa upole. Farasi kijana na mwanafunzi mpya ni mchanganyiko mbaya hata kama wote wawili wana kipaji. Nairobi wapo farasi wa klabu waliostaafu mbio za uwanja wa Ngong. Wengine hugeuka kuwa warukaji hodari, lakini waliofundishwa kwamba shingo ikiegemewa ni ishara ya kukimbia huhitaji kufundishwa upya kwanza, tena na mtu mzoefu.

Vifaa havihitaji kuwa ghali vyote, ila helmeti haina mjadala. Iwe imetengenezwa kwa ajili ya kupanda farasi na iwe na alama ya kiwango kinachotambulika, kwa mfano ASTM F1163 cha Marekani au PAS 015 cha Uingereza. Helmeti ya bodaboda ni nzito na hupunguza uwezo wa kusikia na kuona pembeni. Ya baiskeli haikinzi kisogo inavyotakiwa. Helmeti inapaswa kukaa bila kucheza kichwa kinapotikiswa, kamba ikiwa imefungwa, na ikishapigwa chini kwa nguvu katika ajali hubadilishwa hata kama haina ufa unaoonekana. Kiatu kinatakiwa kuwa na kisigino kifupi ili mguu usipenye kwenye rikabu, na rikabu yenyewe iwe pana kuliko kiatu kwa sentimita 2 au zaidi kidogo ili mguu utoke kwa urahisi. Wengi huvaa pia fulana ya kinga ya kifua na mgongo. Kwenye viunzi, vishikio vya kisasa vya mti wa nyuma hujiachia vikikanyagwa, na vishikio vitupu havibaki kwenye nguzo, kwani chuma kilichochomoza huchana ngozi ya mtu na ya mnyama.

Somo la kuruka lenyewe huanza chini kabisa. Mti mmoja hulazwa ardhini na farasi huvuka akitembea. Kisha miti mitatu au minne hupangwa kwa nafasi ya mita 1.3 hivi, naye huivuka kwa telki, kila mguu ukipata nafasi yake. Mwanafunzi hapo hujifunza kuelekea katikati, kutazama mbele na kubaki kwenye mkao mwepesi huku mgongo wa farasi ukisogea zaidi ya kawaida. Baadaye, kiasi cha mita 2.5 baada ya mti wa mwisho, husimamishwa kiunzi cha kwanza: miti miwili iliyopishana kwa umbo la X, katikati yake ikiwa haizidi sentimita 40. Umbo hilo lina hekima, kwa kuwa sehemu ya chini zaidi iko katikati na hivyo kiunzi chenyewe humwelekeza farasi pale anapotakiwa kupita. Miti ya ardhini nayo humfikisha mahali sahihi pa kujisukuma, na mwanafunzi huondolewa hesabu asiyoiweza bado.

Hesabu hiyo huja baadaye, na ni ya kuvutia kuliko watu wanavyodhani. Hatua moja ya shoti ndogo ya farasi wa kimo cha kawaida ni mita 3.6 hivi. Mwalimu huipima kwa miguu: hatua nne za mtu mzima, kila moja sentimita 90, ni hatua moja ya farasi. Ikiwa viunzi viwili vinatakiwa kuwa na hatua moja katikati, huhesabiwa mita 1.8 za kutua, 3.6 za hatua yenyewe na 1.8 za kujisukuma tena, jumla mita 7.2. Kwa hatua mbili ni mita 10.8. Farasi anayeingia kwa telki juu ya viunzi vidogo hafiki mbali hivyo, na nafasi ya hatua moja hupunguzwa hadi mita 5.5 hivi, farasi wadogo hupunguziwa zaidi. Kwa vipimo hivi mwalimu hujenga mstari wa viunzi vitatu au vinne ambamo farasi hujiongoza mwenyewe, naye mwanafunzi hupata miruko kadhaa mfululizo bila kushughulikia usukani. Hapana zoezi linalojenga kujiamini haraka kama hili. Wapo walimu wanaomwambia mwanafunzi anyooshe mikono pembeni au afumbe macho katikati ya mstari kama huo, na ndipo wengi hugundua kwamba kelele zote walizokuwa wakipiga kwa mikono na miguu hazikuwa zikisaidia kitu.

Kiunzi cha wima hufuata, mti uliolazwa juu ya nguzo mbili mfano wa mtambaapanya wa goli. Kisha huja kiunzi cha upana, chenye miti miwili iliyoachana, ule wa nyuma ukiwa juu kidogo kuliko wa mbele au sawa nao, wala usiwe chini yake, maana farasi hatauona. Urefu huongezwa mwishoni, na kwa kweli ni kipimo duni cha maendeleo. Mwanafunzi anayeruka sentimita 60 kwa mwendo sawa, kona safi na mikono laini ameendelea kuliko anayenusurika kwenye sentimita 90.

Farasi hugoma. Husimama ghafla mbele ya kiunzi au hukwepa kwa pembeni, na mara chache sana ni kiburi. Huenda mgongo unamuuma, tandiko halimkai, kwato hazijatunzwa, ardhi inateleza, kiunzi kina sura asiyoijua, au mpandaji alikuja naye taratibu mno na kulegeza miguu hatua mbili za mwisho kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na shaka. Kumchapa kabla ya kuuliza sababu ni kumthibitishia kwamba kiunzi ni mahali pabaya. Kinachofanywa ni kukishusha, kumwonyesha, na kukirudia kwa mwendo ulio hai zaidi. Anayekwepa upande uleule kila mara huwekewa miti ya mwongozo iliyoegemezwa pembeni. Mgomo usioeleweka kwa farasi aliyekuwa mwaminifu humhitaji daktari wa mifugo.

Mgomo ndio unaoleta maanguko mengi. Mwezi Mei 1995, katika mashindano huko Culpeper, Virginia, farasi wa mwigizaji Christopher Reeve alisimama ghafla mbele ya kiunzi kisichokuwa kirefu. Reeve alitupwa mbele, akaangukia kichwa na kuvunjika shingo, akapooza. Alikuwa amevaa helmeti na fulana ya kinga. Helmeti hulinda fuvu, hailindi shingo, na kinga halisi ya mgomo ni kungoja: mabega nyuma ya magoti, visigino chini, kiwiliwili kisitangulie mpaka farasi mwenyewe aondoke ardhini. Anayeanguka hafai kunyoosha mkono kujizuia, kwani kifundo cha mkono au mtulinga huvunjika. Hukunja mwili, hubingirika mbali na kwato na huziachia hatamu. Aliyegonga kichwa hapandi tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Desturi ya kumrudisha mtu mgongoni mara moja ili asishikwe na woga ni nzuri kwa aliyechafuka vumbi tu. Kwa aliyepata mtikisiko wa ubongo ni hatari.

Woga wenyewe hauhitaji kufichwa, kwa kuwa farasi ameshaujua. Mtu mwenye hofu huzuia pumzi, hukaza mapaja, huinua visigino na hutazama chini, na kila moja ya hayo hufika mgongoni mwa farasi kama ujumbe kwamba mbele kuna chui. Tiba zake ni za kimwili kuliko za maneno: kuhesabu hatua kwa sauti, kuimba, kutoa pumzi ndefu kwenye kona ya mwisho, kuchagua mti au paa lililo mbali nyuma ya kiunzi na kulikazia macho. Watu wazima huogopa zaidi ya watoto kwa sababu wana kazi na familia, na hofu hiyo ni ya busara. Mwalimu anayeidhihaki hafai. Kiunzi kishushwe mpaka mwanafunzi achoke kukiona, ndipo kipandishwe tundu moja. Alberto Larraguibel wa Chile na farasi wake Huaso waliruka mita 2.47 huko Viña del Mar tarehe 5 Februari 1949, rekodi ambayo bado haijavunjwa, na hata wao walifanikiwa katika jaribio la tatu.

Afrika Mashariki mchezo huu umejikita zaidi kwenye nyanda za juu, kwenye baridi, kwa sababu mbung'o na ugonjwa hatari wa farasi unaosambazwa na usubi huwasumbua farasi katika maeneo ya joto. Huko kikwazo kikubwa cha mafunzo huwa ardhi. Kiangazi udongo hukauka ukawa kama saruji, na masika utelezi hutawala. Uwanja wa mchanga husaidia. Pasipo nao, uwanja hulimwa kidogo na kunyweshwa, viunzi hupunguzwa, na siku ya utelezi hugeuzwa kuwa siku ya miti ya ardhini.

Mwanafunzi anayeunganisha viunzi sita hadi nane bila kupoteza mwendo yuko tayari kwa shindano la wanaoanza. Kwa kanuni za kimataifa, kuangusha mti ni adhabu ya pointi 4, mgomo wa kwanza pia 4, na mgomo wa pili au kuanguka humtoa mtu mashindanoni. Wanaume na wanawake hushindana pamoja, jambo lililoanza kwenye Olimpiki za mwaka 1956.

Siku ya mazoezi hufungwa kwa mruko mzuri, hata ukiwa mdogo, na kabla farasi hajachoka. Ukanda wa tumbo hulegezwa tundu moja, naye hutembezwa mpaka pumzi itulie. Akishavuliwa tandiko, kiganja hupitishwa kwenye miguu ya mbele kuanzia gotini kushuka hadi kwenye ukwato, kutafuta joto au uvimbe nyuma ya mfupa. Hurudiwa kesho yake asubuhi kabla hajatandikwa, kwa sababu kano iliyoumia mara nyingi haijionyeshi mpaka usiku upite.